Dawa ya kupunguza upotevu wa damu katika upasuaji wa mgongo: mwongozo kwa wagonjwa na ndugu wa Kigoma na Tabora

Kigoma mtu anavunjika mgongo kwa kuanguka kutoka juu ya mchikichi, kamba ya kiunoni imekatika au kuti alilolishika limechomoka. Tabora anaanguka kwenye mwembe, au usiku akishusha mzinga wa asali. Ajali za bodaboda ziko kote. Na lipo kundi jingine linalokuja polepole: wenye kifua kikuu cha mifupa, ambao mgongo huwauma kwa miezi, kinatokea kinundu, halafu miguu inaanza kulegea. Wengi wa kundi hili hupona kwa dawa za TB peke yake, lakini wapo wanaofika kwenye kisu.

Kisu cha mgongo kinatisha, na swali la ndugu huwa ni lilelile: atapoteza damu kiasi gani, na tutaipata wapi ya kumrudishia? Siku hizi jibu linaanza na dawa moja ya bei nafuu, asidi ya traneksamiki, ambayo kwenye karatasi za hospitali utaiona imefupishwa TXA. Inasaidia kweli. Ila inasaidia zaidi kwa mgonjwa aliyeandaliwa tangu nyumbani, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo iko mikononi mwa familia. Ndiyo maana hatua za mwanzo humu ni za nyumbani na wodini. Thieta inafuata baadaye.

Damu inatokea wapi, na dawa inafanya nini

Pingili ya mgongo kwa ndani ni mfupa wenye matundumatundu yaliyojaa damu. Mshipa ukikatwa, daktari anaufunga kwa uzi au anauchoma kwa umeme. Mfupa uliokwanguliwa hauna pa kufunga. Unavuja taratibu muda wote wa upasuaji. Kuzunguka uti wa mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, kuna mtandao wa vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) laini zisizo na vali, nazo huvimba tumbo likibanwa. Kutoa diski moja iliyobana neva kwa kawaida hakumwagi damu nyingi, na hapo dawa hii haiongezi sana. Lakini kuunganisha pingili nne au tano kwa vyuma na skrubu, kunyoosha mgongo uliopinda, au kusafisha pingili zilizoliwa na TB, ni kazi ambayo damu inaweza kufika lita na zaidi. Huko ndiko TXA inakoonesha thamani yake.

Donge la damu limesukwa kwa nyuzi nyembamba sana, mfano wa wavu wa dagaa. Mwili una kimeng'enya kiitwacho plazmini, chenye kazi ya kuzikata nyuzi hizo kidonda kikishapona. Kwenye upasuaji mkubwa kimeng'enya hicho huamka mapema mno, kikaanza kukata wakati kidonda bado kiko wazi. TXA huziba mahali kinapojishikiza kwenye nyuzi. Kwa hiyo haigandishi damu yenyewe. Inalinda donge lililokwisha kuganda. Haichukui nafasi ya mkono wa daktari mpasuaji, wala hairudishi damu iliyokwisha kumwagika.

Dawa hii ilitokana na kazi ya Utako Okamoto na mumewe Shosuke Okamoto huko Japani, walioitangaza mwaka 1962. Mama huyo alikuwa akitafuta namna ya kuokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua, na utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake 20,060 ulionesha kuwa vifo vya kuvuja damu hupungua dawa ikitolewa mapema. Wakunga wetu wanaijua kwa sababu hiyo. Kwa upande wa upasuaji usio wa moyo, utafiti wa mwaka 2022 wenye wagonjwa 9,535 ulionesha kuwa waliovuja damu kwa kiwango cha hatari walikuwa asilimia 9.1 kwa waliopewa TXA, na 11.7 kwa wasiopewa. Matatizo ya moyo na mabonge ya damu kwenye mishipa yalikuwa asilimia 14.2 dhidi ya 13.9. Tofauti hiyo ya pili ni ndogo, lakini watafiti hawakuweza kuthibitisha kuwa hatari haiongezeki kabisa. Ndiyo sababu tunauliza maswali mengi kabla ya kuitoa.

Hatua ya 1: Pima wingi wa damu mapema, huku huku nyumbani

Usisubiri kufika hospitali ya rufaa ndipo uambiwe "damu yako ni 8". Mara tu upasuaji ukitajwa, omba kipimo cha wingi wa damu hapo ulipo, iwe kituo cha afya, hospitali ya wilaya, au hospitali ya mkoa ya Maweni au Kitete. Mwanamume mzima akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, ana upungufu wa damu. Mtu anayeingia thieta na 13 akapoteza damu fulani anaweza kutoka bila kuongezewa chochote. Aliyeingia na 9 akapoteza kiasi kilekile atahitaji damu ya mtu mwingine.

Sababu za upungufu kwetu zinajulikana: malaria, minyoo ya safura, hedhi nyingi, lishe, na TB yenyewe. Kila moja ina tiba yake, kwa hiyo uliza sababu kabla ya kupewa vidonge vya madini ya chuma. Ukipewa, usivimeze pamoja na chai. Chai huzuia chuma kufyonzwa. Vimeze na maji, au na chungwa. Dagaa, maharage na mboga za majani ziwepo kwenye sahani kila siku, lakini chakula peke yake hakitapandisha damu kutoka 8 hadi 12 kwa majuma mawili. Vidonge navyo vinahitaji wiki kadhaa. Kwa upasuaji usio wa dharura, wiki hizo zinafaa kusubiriwa. Mgonjwa ambaye miguu inakufa ganzi au mkojo umegoma hasubiri.

Hatua ya 2: Sema kila kitu kuhusu mwili wako

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza, na si kwa ubaya; mtu anaona jambo la zamani halihusiki. Linahusika. Mweleze daktari wa usingizi, kwa maneno ya kawaida, kama mgonjwa:

- aliwahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, au mshtuko wa moyo;
- ana kifafa, au aliwahi kupata degedege akiwa mtu mzima;
- ana tatizo la figo. TXA hutoka mwilini karibu yote kwa njia ya mkojo, hivyo figo zikiwa dhaifu dawa hujikusanya na dozi lazima ipunguzwe au iachwe. Kipimo cha kreatinini ndicho kinachoonesha;
- ana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu), au nyumbani kuna mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wenye ugonjwa huu duniani, na mabonge ya damu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, hivyo uamuzi wa kumpa TXA huhitaji uangalifu wa pekee;
- ni mjamzito, au anatumia vidonge vya uzazi wa mpango.

Kisha taja dawa zote. Aspirini, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), diklofenaki anayonunua dukani kila maumivu yakizidi, na mitishamba. Dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki zinavurugisha kuganda kwa damu, na mtu mwenye mgongo mbovu huwa anazitumia kila siku bila kuzihesabu kama dawa. Chukua pakiti zote, hata tupu, weka kwenye mfuko, peleka. Usiache warfarini wala aspirini kwa uamuzi wako. Kuna walioandikiwa kwa ajili ya moyo, na ni daktari anayepanga iachwe lini na irudiwe lini. Vivyo hivyo dawa za TB na ARV: endelea kuzimeza mpaka uelekezwe vinginevyo.

Wapo pia wanaokataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani, kama Mashahidi wa Yehova. TXA haitokani na damu ya mtu. Semeni msimamo wenu mapema, ili timu ipange upasuaji kwa hesabu hiyo.

Hatua ya 3: Safari ya rufaa na miguu ya mgonjwa

Upasuaji mkubwa wa mgongo kwa watu wa kwetu mara nyingi unafanyika Bugando, Mwanza, au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Kutoka Kigoma mjini kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi ni safari ndefu, na mgonjwa anakuwa amelala chali bila kujigeuza. Kabla ya safari huenda alishalala siku kadhaa wodini. Mtu asiyeweza kusogeza miguu damu yake inatuama kwenye vena za mashavu ya miguu na mapaja, na bonge linaweza kujitengeneza kimyakimya. Bonge hilo likiwepo, TXA, ambayo kazi yake ni kulinda donge lisiyeyuke, italilinda na hilo.

Kwa hiyo: kila saa mbili au tatu, ndugu amkunje na kumnyooshea vifundo vya miguu, kama muuguzi alivyoelekeza, bila kugeuza kiuno wala mgongo. Mpe maji ya kutosha kama hajazuiwa. Mgonjwa akigeuzwa, ageuzwe na watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawia. Na mkifika, semeni bila kuulizwa: "Amelala siku kadhaa, mguu huu umekuwa mnene kuliko mwenzake." Upime kwa macho yako, shavu la mguu huu kwa la mwenzake, shuka ikiwa imefunuliwa. Maelezo hayo yanaweza kumfanya daktari aagize kipimo cha ultrasaundi ya miguu kabla ya kisu.

Jambo moja linachanganya wengi. Kwa majeruhi anayevuja damu nyingi, TXA inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu ajali. Utafiti mkubwa wa majeruhi uliotolewa mwaka 2010 na uchambuzi uliofuata vilionesha kuwa ikicheleweshwa zaidi ya hapo faida hupotea na inaweza kuleta madhara. Basi aliyeanguka Kakonko akafika hospitali kubwa baada ya siku tatu hapewi TXA kwa ajili ya ajali ile. Lakini siku anapopasuliwa, kisu kinaanzisha kuvuja kupya, na saa inahesabiwa upya kuanzia hapo. Ndugu akiambiwa "muda wa dawa umepita" wodini, halafu kesho yake aione imetolewa thieta, asidhani amedanganywa.

Hatua ya 4: Damu ya akiba

TXA haiondoi haja ya kuwa na damu benki. Inapunguza uwezekano wa kuihitaji, basi. Tabora ndiko kiliko kituo cha Kanda ya Magharibi cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kila uniti hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na hilo huchukua muda. Kwa hiyo wachangiaji wasije asubuhi ya upasuaji. Kama ndugu wengi wamebaki Ujiji na mgonjwa yuko Mwanza, tafuteni mapema watu wa ukoo au wa kanisani na msikitini walioko kule. Na damu haiuzwi. Mtu akiwatajia bei ya uniti, nendeni kwa uongozi wa hospitali.

Hatua ya 5: Maswali ya jioni kabla ya upasuaji

Daktari wa usingizi atapita wodini. Ni haki yenu kuuliza, kwa heshima na bila woga: "Daktari, mgonjwa wetu atapewa dawa ya kupunguza kuvuja damu? Kama hapana, ni kwa sababu gani? Damu imeshapangwa uniti ngapi?" Jibu la "hapana" linaweza kuwa sahihi kabisa, upasuaji mdogo, figo, kifafa, bonge la zamani, vyote ni sababu za kweli. Msinunue vidonge vya TXA famasi na kummezesha kwa siri ili "kusaidia". Vipo, vina matumizi yake, na dozi ikijumlishwa na ya thieta inaweza kupita kiasi.

Hatua ya 6: Ndani ya thieta

Sehemu hii ni ya wenzangu wa usingizi na wauguzi, ingawa ndugu anaweza kuisoma ajue kinachofanyika.

Dozi hupigwa kwa uzito. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwenye vena, kabla ya ngozi kukatwa. Kisha miligramu 1 hadi 2 kwa kilo kwa saa hadi kidonda kinapofungwa. Baadhi ya timu zinazonyoosha migongo iliyopinda hutumia dozi kubwa zaidi, lakini dozi ikipanda, hatari ya degedege nayo hupanda. Chukua mfano wa mgonjwa wa kilo 60 kwa miligramu 15: ni miligramu 900. Kichupa cha kawaida kina miligramu 500 ndani ya mililita 5, yaani 100 kwa kila mililita, hivyo unavuta mililita 9. Kasi isizidi mililita 1 kwa dakika. Ukisukuma haraka presha inashuka na, akiwa macho, anatapika. Njia rahisi ni kuichanganya kwenye chupa ya mililita 100 ya maji ya chumvi na kuiachia itiririke taratibu kwa dakika 10 hadi 20. Usiichanganye na damu kwenye mrija mmoja, wala na dawa za jamii ya penisilini.

Dawa ikishaingia, kazi bado. Mgonjwa amelala kifudifudi. Ingiza mkono chini ya tumbo lake uhakikishe linaning'inia huru. Mito ikae kifuani na kwenye nyonga, isibane tumbo, maana tumbo lililobanwa hujaza zile vena za kuzunguka uti na kuharibu faida yote ya dawa. Mtunze joto, kwa sababu mwili uliopoa haugandishi damu vizuri: funika sehemu zisizopasuliwa, pasha maji ya dripu. Presha isiachwe kushuka ovyo kwa lengo la kupunguza damu. Uti ulioumia unahitaji damu ya kuulisha. Na pima damu iliyopotea kwa kupima pamba na kusoma chupa ya mashine ya kunyonya, usikadirie kwa macho.

Hatua ya 7: Njia ya dawa ni vena, na vena tu

Hapa naomba tusimame kwa muda. TXA haichomwi mgongoni. Upasuaji ni wa mgongo, dawa inaingia mkononi kwenye mshipa. Ikiingia kwa makosa kwenye maji ya uti wa mgongo, mgonjwa analalamika maumivu makali ya kiuno, makalio na miguu, misuli inaanza kurukaruka, degedege linafuata na moyo unavurugika. Kwenye visa vilivyoripotiwa duniani, karibu nusu ya wagonjwa walifariki. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu kosa hili.

Linatokeaje? Weka kichupa cha TXA kando ya kichupa cha bupivakeini, dawa ya ganzi ya mgongoni, chini ya taa ya thieta. Vyote ni vioo vidogo, maji meupe, maandishi ya kukodolea macho. Sasa fikiria saa nane usiku, mama mwenye uchungu amekaa kitandani akisubiri ganzi kwa upasuaji wa kujifungua, na trei imepangwa na mtu aliyetoka zamu. Thieta zetu zinafanya kazi zote mbili kwenye chumba kimoja, kwa hiyo hatari ya dawa ya mgonjwa wa mgongo inaweza kumwangukia mama wa kesho yake.

Kinga yake haina gharama. TXA isikae kabisa kwenye toroli ya ganzi. Iwe kabati jingine, kwenye boksi lililoandikwa kwa kalamu nene "KWENYE VENA TU". Isivutwe kwenye sindano kabla ganzi ya mgongoni haijamalizika. Aliyeshika kichupa asome jina kwa sauti, kiasi, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wa pili akiangalie kwa macho yake, arudie jina. Si "ndiyo, ndiyo". Arudie jina. Kisha sindano ibandikwe lebo hapohapo. Kichupa kilichobaki na nusu kitupwe.

Hatua ya 8: Baada ya kurudi wodini

Saa 24 za kwanza angalieni vitu viwili kwa ukaribu. Cha kwanza ni chupa ya drenji, yaani mrija unaotoa damu kwenye kidonda: iandikwe kiasi na saa, na ikijaa ghafla mwiteni muuguzi. Cha pili ni miguu. Mgonjwa aliyekuwa anachezesha vidole baada ya kuamka, halafu saa chache baadaye hawezi, au maumivu ya mgongo yamezidi ghafla, au mkojo umegoma, huenda damu imejikusanya ndani na kubana uti. Hiyo ni dharura ya dakika, hata kama ni usiku wa manane na daktari amelala. Mwamsheni.

Siku zinazofuata hofu inageukia mabonge. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukatika bila sababu: semeni mara moja. Mazoezi ya vifundo yaendelee, na mgonjwa aketishwe au asimamishwe mapema kadiri mtaalamu wa fiziotherapia atakavyoruhusu.

Kabla ya kuondoka hospitali, ombeni barua ya kurudishia iandikwe wazi: wingi wa damu wakati wa kutoka, kama aliongezewa damu na uniti ngapi, kama alipewa TXA na kiasi gani, na dawa anazoendelea nazo. Picha ya simu ya barua hiyo ibaki kwa watu wawili wa familia, maana karatasi hulowa na kupotea njiani. Kipimo cha damu kirudiwe baada ya wiki 4 kwenye hospitali ya karibu, na vidonge vya chuma viendelee mpaka hapo hata kama mgonjwa anajisikia amepata nguvu.